Ugumu wa Metali na Ukubwa wa Alama: Kutoka Ncha ya Ishango hadi Kielelezo cha Kompyuta

Kyavinyonge ni makazi ya wavuvi kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini, ndani ya eneo la Hifadhi ya Virunga. Si mbali na hapo, mto Semliki unatoka ziwani kuanza safari yake ya kuelekea kaskazini, na mahali unapotokea panaitwa Ishango. Mwaka 1950 mjiolojia wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua hapo mabaki ya watu waliokuwa wakivua samaki kwa vyusa vya mfupa, na miongoni mwa mabaki hayo alipata kijifupa chenye urefu wa sentimita 10 hivi, kilichochanjwa mistari 168 katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa takriban miaka 20,000. Kijifupa hicho sasa kimo katika jumba la makumbusho mjini Brussels, na wino mwingi umemwagwa juu ya mistari yake. Wako wanaosema ni hesabu, wako wanaosema ni kalenda ya mwezi, na wako wanaosema ni chanjo tu za kukifanya kisiteleze mkononi.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba kijifupa hicho kina jiwe. Katika ncha yake moja kumepachikwa kipande kidogo cha kwarzi, lile jiwe gumu ambalo vumbi lake limo katika karibu kila mchanga. Maana yake ni kwamba mfupa wenyewe ulikuwa mpini, na kipande kile kilikuwa ncha ya kuchanjia au kukatia. Aliyekipachika alijua jambo moja kwa hakika: kwamba kitu kigumu huacha alama juu ya kitu laini, na kwamba kwa kazi hiyo ncha ndogo yatosha. Makala haya yanafuatilia historia ya ujuzi huo hadi katika zama za kompyuta, na hasa tatizo moja lililowasumbua wapimaji wa metali kwa muda mrefu: kwa nini metali ile ile huonekana kuwa ngumu zaidi kadiri alama inayopigwa juu yake inavyokuwa ndogo.

Ugumu kwa Mhunzi

Kiswahili kina maneno kadhaa katika uwanja huu, na hayana maana moja. Chuma ni neno la jumla. Pua ni chuma kilichokolea, kinachoshika makali. Feleji, neno lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi, ni pua bora ya kufulia panga. Tofauti hizi hazikutoka maabarani. Zilitoka kwa watu walionunua na kutumia vyombo, wakaona kipi kinapinda, kipi kinavunjika na kipi kinabaki na makali yake. Mhunzi hana tarakimu ya ugumu. Ana nyundo, fuawe, koleo na maji, na chuma anakijua kwa namna kinavyoipokea nyundo.

Ujuzi wa aina hiyo katika ukanda wa Maziwa Makuu ulichunguzwa kwa makini zaidi upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, katika Buhaya, Tanzania. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mhandisi wa metali, waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge upya tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa takriban nusu karne, baada ya chuma cha kununua kutoka Ulaya kuenea, na wazee walilazimika kukumbuka na kukosea kabla ya kufaulu. Shimo la tanuri lilipakwa udongo wa kichuguu, likajazwa majani ya kinamasi yaliyounguzwa nusu, na mirija minane ya udongo ikaingizwa ndani kupitisha upepo wa mivukuto. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Schmidt na Avery walidai kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba joto karibu na midomo ya mirija lilipita nyuzi 1,800 za selsiasi. Dai la kupashwa kwa hewa lilipingwa baadaye na wataalamu wengine, na ubishi huo haukuwa mdogo. Ambalo halina ubishi ni kwamba bonge lililotoka lilikuwa na kaboni ya viwango tofauti, na kazi ya mhunzi ilikuwa kulitambua, kulifua na kulisafisha hadi lifae kwa jembe au kisu.

Hapa pana somo linalohitajika mbele. Chuma kinapofuliwa kikiwa baridi huzidi kuwa kigumu kwa kila pigo, hata kufikia kupasuka, na mhunzi hukirudisha motoni ili kilainike. Mvuvi anayepinda waya kuwa ndoano hulijua jambo hili kwa vidole: mara ya kwanza waya hukubali, mara ya tatu hukataa, mara ya sita hukatika. Hakuna kilichoongezwa ndani ya waya. Ni ule ule, lakini mpindo umeubadili ndani. Sayansi ilichelewa sana kueleza kilichobadilika.

Tufe na Piramidi

Katika Ulaya, jaribio la kuupa ugumu tarakimu lilianza kwa mkwaruzo, kama pale Ishango. Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga madini kumi kwa ngazi, kila moja likiweza kukwaruza lililo chini yake; kwarzi likapata 7 na almasi 10. Ngazi hiyo yawafaa wachimba madini, lakini haimfai mwenye kiwanda cha reli, kwa kuwa takriban metali zote anazozitumia zimesongamana katika ngazi chache za katikati.

Mwaka 1900, katika Maonyesho ya Dunia mjini Paris, Msweden Johan August Brinell alionyesha njia iliyokuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Alichukua tufe la pua lenye kipenyo cha milimita 10, akaligandamiza juu ya metali kwa mzigo wa kilo 3,000, kisha akapima upana wa bonyeo lililobaki. Mzigo ukigawanywa kwa eneo la bonyeo, hiyo ndiyo tarakimu ya ugumu. Viwanda viliipokea mara moja. Hata hivyo, kulikuwa na kasoro. Ukibadili mzigo, tarakimu nayo hubadilika, kwa kuwa tufe linapozama zaidi umbo la bonyeo huwa jingine: kwanza kama kisahani, kisha kama bakuli.

Tiba ya kasoro hiyo ilipatikana Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Robert Smith na George Sandland, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Vickers, waliondoa tufe na kuweka piramidi ya almasi yenye pande nne. (Kipimo hicho kilipata jina la kampuni, majina ya wabunifu yamebaki katika vitabu tu.) Hoja yao ilikuwa ya kijiometri. Bonyeo la piramidi lina umbo lile lile liwe dogo au kubwa, kama vile pembetatu ndogo inavyofanana na kubwa. Kwa hiyo ugumu haupaswi kutegemea mzigo. Kwa kipimo hiki chuma laini kisicho na kaboni hupata tarakimu iliyo chini ya 100, ilhali pua iliyokolea kaboni, ikazamishwa majini ingali nyekundu kwa moto, huweza kupita 700.

Afrika ya Kati haikuwa mbali na kazi hii kama ramani inavyoonyesha. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Kongo ya Wabelgiji ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa almasi za viwandani, nyingi zikitoka Bakwanga huko Kasai, mji ambao leo ni Mbuji-Mayi. Nchini Ujerumani, mwaka 1923, Karl Schröter wa kampuni ya Osram alipata metali ngumu ya kuchukua nafasi ya almasi katika kuvutia nyuzi za taa: ni kabidi ya wolframu iliyoshikamanishwa kwa kobalti. Wolframu humo katika milima ya Kivu, na kobalti katika Katanga. Ncha za kupimia na za kukatia ulimwengu zilitegemea kwa kiasi kikubwa miamba ya nchi hii; vipimo na istilahi vilitungwa kwingine.

Tarakimu Isiyotulia

Hoja ya Smith na Sandland ilikuwa safi, na kwa mabonyeo yanayoonekana kwa jicho ilithibitika. Taabu ilianza wapimaji walipotaka kupima vitu vidogo: punje moja ndani ya metali, utando mwembamba juu ya chombo, waya wa saa. Walipunguza mzigo hadi gramu chache, na tarakimu ikapanda. Kipande kile kile cha shaba, piramidi ile ile, lakini ugumu umezidi. Kwa miongo kadhaa waliona kosa ni lao. Walilaumu mtikisiko wa meza, msuguano wa almasi, darubini isiyoona pembe za bonyeo sawasawa, na ung'arishaji uliokaza ngozi ya juu ya metali. Lawama hizo hazikuwa za bure, kwa kuwa kila moja ina ukweli wake. Lakini zilitumiwa mno, na ni vigumu kuwasoma wapimaji wa wakati huo bila kuhisi kwamba waliikinga jiometri dhidi ya metali yenyewe.

Ufunguo ulikuwa umekwisha kupatikana mahali pengine. Mwaka 1934 Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba metali haipindi kwa safu nzima ya atomi kuteleza kwa pamoja juu ya nyingine. Ingekuwa hivyo, shaba ingekuwa na nguvu mara nyingi kuliko ilivyo. Metali ni fuwele, na fuwele zina dosari: mahali safu moja ya atomi inapokatikia njiani, na safu jirani zinalazimika kujipinda kuizunguka. Dosari hiyo hutembea hatua kwa hatua kama mkunjo unaosukumwa chini ya jamvi, na kila inapopita metali hubadilika umbo kidogo. Katika makala haya dosari hiyo inaitwa mtenguko, neno ambalo Kiswahili hulitumia kwa kiungo kilichotoka mahali pake, na linalofaa hapa karibu bila kupindwa. Mwaka 1956 Peter Hirsch na wenzake huko Cambridge waliona mitenguko ikitembea ndani ya utando mwembamba wa alumini chini ya hadubini ya elektroni.

Hapo waya wa mvuvi ukaeleweka. Kupinda huzaa mitenguko mipya. Ikizidi, huzuiliana njia kama mitumbwi katika gati dogo, na metali hukataa kupinda tena. Moto huiondoa.

Baki suala la ukubwa. John Nye mwaka 1953, na Michael Ashby mwaka 1970, walionyesha kwamba iko mitenguko ya aina mbili. Mingine huzaliwa na kunaswa kwa bahati tu. Mingine ni ya lazima: fuwele ikipindishwa, safu zake haziwezi kufuata mpindo bila mitenguko kuwapo, na kadiri mpindo ulivyo mkali ndivyo mitenguko ya lazima inavyosongamana. Sasa itazame piramidi. Pembe yake ni moja daima, lakini katika bonyeo dogo mgeuko ule ule wa safu lazima ukamilike katika nafasi finyu zaidi. Kina kikipungua kwa nusu, msongamano wa mitenguko ya lazima huongezeka maradufu. Jiometri ya Smith na Sandland ilikuwa sahihi kuhusu umbo. Ilichosahau ni kwamba atomi hazipungui ukubwa pamoja na bonyeo.

Kompyuta Inayotii

Kufikia miaka ya 1980 kompyuta zilikuwa zimeanza kutumika kukokotoa mabonyeo. Njia iliyoenea ilikuwa kukigawa kipande cha metali katika maelfu ya vipande vidogo, na kukokotoa jinsi kila kimoja kinavyosukuma jirani yake. Njia hii iliwafaa sana wajenzi wa madaraja na ndege. Lakini ilipopewa bonyeo la mikromita moja ilitoa ugumu ule ule iliotoa kwa bonyeo la mita moja. Haikukosea hesabu. Kanuni ilizopewa, za tangu karne ya 19, hazikuwa na urefu wowote ndani yake. Hazikujua kubwa wala dogo. Kompyuta ilitii, na kwa kutii ikakana jambo ambalo kila maabara ilikuwa ikiliona.

Mashaka hayakuweza kuendelea. Vyombo vipya vilipima kina na mzigo kwa wakati mmoja, bila kuhitaji kuliona bonyeo kwa darubini, na mwaka 1992 Warren Oliver na George Pharr walitoa utaratibu wa kusoma vipimo hivyo ambao umekuwa kawaida. Mwaka 1994 Norman Fleck na wenzake waliacha piramidi kabisa, wakasokota nyaya za shaba zenye unene wa kuanzia mikromita 170 hadi 12. Waya mwembamba kuliko zote ulionekana kuwa na nguvu takriban mara tatu kwa kulinganisha na ule mnene, ingawa zilipovutwa tu bila kusokotwa tofauti ilikuwa ndogo mno. Kilichohusika, basi, ni mpindo usio sawa kutoka sehemu hadi sehemu. Hakuna tena wa kulaumu meza.

Mwaka 1998 William Nix na Huajian Gao wa Chuo Kikuu cha Stanford waliweka wazo la mitenguko ya lazima katika kanuni fupi. Mraba wa ugumu ukichorwa dhidi ya kinyume cha kina, vipimo vya shaba na fedha vililala juu ya mstari mnyoofu. Mstari huo hutoa urefu maalumu ambao chini yake ukubwa huanza kutawala. Kwa fuwele moja ya shaba laini ni takriban mikromita 1.6, kwa shaba iliyokwisha kufuliwa ni chini ya nusu mikromita. Mhunzi angeielewa tofauti hiyo: shaba iliyofuliwa imeshajaa mitenguko ya nyundo, na ile michache inayoongezwa na piramidi haionekani sana.

Hapo vielelezo vya kompyuta viligawanyika njia. Wengine waliziongezea kanuni za zamani urefu uliokosekana. Wengine, kama Erik van der Giessen na Alan Needleman mwaka 1995, waliacha metali kuwa kitu kimoja kinachoendelea, wakaifanya kompyuta ifuatilie mtenguko mmoja mmoja. Wengine waliteremka hadi kwenye atomi. Mwaka 1990 Uzi Landman na wenzake walionyesha kwa hesabu ncha ya nikeli ikiigusa dhahabu, na dhahabu ikaruka kuilaki ncha na kushikamana nayo kabla haijasukumwa. Kielelezo cha aina hiyo ndicho kilichotoa jibu ambalo wengi hawakulitazamia. Ilijulikana tangu miaka ya 1950 kwamba metali yenye punje ndogo ni ngumu kuliko yenye punje kubwa; mwaka 1998 Jakob Schiøtz na wenzake wa Denmark waliigiza shaba yenye punje za nanomita chache tu, na ikawa laini zaidi kadiri punje zilivyopungua. "Dogo ni gumu" lina mwisho wake.

Na kanuni ya Stanford nayo ina mwisho wake. Katika mabonyeo yenye kina cha nanomita mia hivi au chini, ugumu halisi huwa pungufu ya ule unaotabiriwa. Gang Feng na Nix walieleza mwaka 2004 kwamba mitenguko husukumana na kusambaa nje ya eneo la bonyeo, kwa hiyo haisongamani kama ilivyodhaniwa. Aidha, kielelezo cha atomi kina upungufu wa aina nyingine ambao wasomaji wa picha zake za kuvutia hawana budi kuukumbuka. Muda unaoigizwa ni sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo ncha hushushwa kwa kasi ya mita kadhaa kwa sekunde, ilhali katika maabara hushuka taratibu kwa sekunde nyingi. Metali isiyopewa muda wa kupumua hujibu vingine.

Zana za kazi hii, hata hivyo, hazimo tena mikononi mwa wachache. Programu ya LAMMPS, iliyotengenezwa katika maabara ya Sandia nchini Marekani, inatolewa bure tangu mwaka 2004, na bonyeo la atomi elfu makumi kadhaa huweza kukokotolewa kwa kompyuta ya kawaida ya mezani, Butembo kama Boston, mradi umeme usikatike usiku kucha. Istilahi ndiyo iliyosalia nyuma. Ugumu, ushupavu, uthabiti na unyumbukaji hutumiwa kwa kubadilishana hata katika maandishi ya wahandisi, ingawa metali yaweza kuwa ngumu bila kuwa thabiti, kama kisu kinachoshika makali lakini kikavunjika kikianguka sakafuni.

Kwa upande wa vipimo, desturi imekwisha kukubali kile ambacho wapimaji wa zamani walikikwepa. Cheti cha maabara hakiandiki tarakimu peke yake. Huandika herufi HV, kwa jina la Vickers, na baada yake mzigo uliotumika kwa kilo: HV 10 kwa bonyeo la kawaida, HV 0.01 kwa lile la gramu kumi. Tarakimu mbili za metali moja zilizopimwa kwa mizigo hiyo miwili hazilinganishwi, na aliyezipata zikiwa tofauti hatakiwi tena kuomba radhi kwa meza yake.